Mitumba Mitatu na Ushei

Tabora, 3 Julai 2024

Leo nimehesabu mabango. Mradi wa barabara umekabidhiwa, mitambo imeondoka, na kambini tumebaki walinzi wawili, mhandisi msaidizi na mimi mtunza stoo. Kilichosalia kwenye uzio ni maneno: jina la mradi, jina la mfadhili, jina la mkandarasi, picha ya mtoto akivuka barabara huku anacheka, na zile tahadhari za kofia na viatu vya kazi. Mapande 31 ni ya meshi, lile turubai lenye matundu madogomadogo linalopitisha upepo. Mengine 11 ni turubai zito lisilopitisha kitu. Mazito yamechanika pembeni karibu yote. Ya meshi yamesimama miaka miwili na upepo wake wa kiangazi, vumbi na yote, na pete zake za bati bado zimeshika.

Nimeteremsha moja nikaliweka kwenye mizani. Kilo tatu na nusu. Urefu mita 6, kimo mita 1.8. Zidisha kwa 31, ni kilo 108 na nusu, na ukiyatandaza yote chini yanafunika karibu mita za mraba 335. Hiyo ni zaidi ya viwanja vitano vya nyumba za kupanga kama ninayokaa.

Daftari langu lina safu mbili, kilichoingia na kilichotoka. Kila mfuko wa saruji una mistari yake miwili. Mabango yameandikwa kuingia Machi 2022. Safu ya kutoka iko tupu. Nimeisoma orodha ya vitu vya kurudishwa makao makuu kuanzia juu hadi chini: makontena, jenereta, vitanda, hata masufuria ya jikoni. Mabango hayamo. Aliyeandika orodha ile hakuwa na nia mbaya, hakuyaona tu kama kitu.

5 Julai

Nimepiga simu kuuliza. Nimejibiwa kwa upole kabisa: "Dada, hayo choma tu, au fukia kwenye shimo la moramu."

Usiku huu sijalala vizuri. Nyuma ya kambi kuna shamba la mihogo la mama mmoja anayetuuzia mboga, na kuku wake wanachakura mpaka kwenye shimo letu la taka. Bango si pamba. Ndani ni nyuzi za poliesta, nje zimevikwa PVC, na katika PVC yenyewe, kabla haijachanganywa na kitu, zaidi ya nusu ya uzito ni klorini. Moto wa shimoni haufiki joto la tanuru. Klorini inatoka na moshi ikiwa haidrojeni kloraidi, na hiyo ikikutana na unyevu wa jicho au wa koo inakuwa tindikali hapohapo. Ndani ya moshi uleule zinazaliwa dioksini, ambazo haziozi upesi: zinatua kwenye udongo, kuku anazidonoa, zinakaa kwenye mafuta yake na kwenye kiini cha yai. Yai lile nalinunua mimi, napeleka nyumbani kwa mwanangu.

Na kufukia? Meshi haiozi. Mwenye kulima pale baada ya miaka 30 atainua jembe na jina la mradi wetu.

6 Julai

Nimeandika barua fupi nikaituma kwa simu. Nimeomba ruhusa ya kuyagawa kwa maandishi, kila pande na mpokeaji wake.

10 Julai

Ruhusa imekuja, na sharti moja: nembo na majina yote yakatwe kwanza. Nimelipokea sharti hilo kwa moyo mweupe. Bango lenye nembo ya taifa na jina la mfadhili likizagaa mitaani, kesho mtu analitundika mlangoni anakusanya fedha za wanakijiji kwa mradi ambao haupo. Nembo ya taifa pia si kitu cha kufungia mzigo wa mkaa. Nimeanza kukata kwa mkasi wa bati. Mlinzi wa usiku, mzee wa Usoke, anashika ncha ya pili. Tunakata kimya kimya.

14 Julai, Jumapili

Baada ya ibada nimepanda bodaboda kwenda Kwihara. Sikuwa na shughuli huko, nilitaka kutuliza akili chini ya miembe.

Nyumba ile nyekundu ya udongo, tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, imetunzwa kama makumbusho. Yeye na Stanley walifika hapo Februari wakitokea Ujiji. Stanley akaondoka Machi kuelekea pwani, Livingstone akabaki hadi Agosti kungoja wapagazi na bidhaa. Tangu 2006 njia hii yote, kutoka Bagamoyo kupita Mpwapwa na Kilimatinde hadi hapa na Ujiji, imo katika orodha ya awali ya Tanzania huko UNESCO. Jina lake kwenye orodha linataja pembe za ndovu na watumwa, na ni haki litaje. Ukisimama pale pazuri namna ile ukasahau waliopita wamefungwa shingo, umesimama vibaya.

Mimi kilichonishika leo ni neno. Mtumba. Tunalisema kila siku tukimaanisha nguo iliyovaliwa Ulaya. Zamani, kwa wapagazi wa Kinyamwezi, mtumba ulikuwa mzigo wenyewe: nguo zimekunjwa, zimebanwa, zimefungwa kwa kamba ziwe robota moja gumu la kubebwa begani, uzito wa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Ndani yake kaniki, na zaidi ya yote merikani, kitambaa kigumu cha pamba kutoka Marekani kilicholetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Hapa Unyanyembe kitambaa kilikuwa fedha. Ukilipa hongo kwa mtemi unalipa kwa nguo, ukinunua mtama unakata nguo. Walipima kwa mkono. Mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Doti tunayo mpaka leo kwenye khanga.

Nimetoa futi yangu mfukoni nikafanya hesabu nikiwa nimekaa kwenye mzizi. Kimo cha bango letu, mita 1.8, ni mikono minne. Shuka moja kamili. Na mabango yote 31 kwa uzito ni mitumba mitatu na ushei. Msafara ungehitaji watu wanne, wa nne akitembea na mzigo mwepesi.

Mtu aliyebeba mtumba kutoka pwani hadi hapa, miezi mitatu juani, alijua kila mkono wa nguo ile unakwenda wapi. Sasa lori moja linaleta mitumba mitatu na ushei kwa siku mbili tu, na hakuna anayejua inaishia wapi.

15 Julai

Nimesahau kuandika jana jambo hili, na ndilo lililonifanya nikae pale mpaka jua likapungua. Mwaka 1873, Livingstone alipofia kijijini kwa Chitambo, huko iliko Zambia leo, wenzake Susi na Chuma na msafara wao waliukausha mwili, wakaufunga kwa kitambaa, wakauvika gome la mti, wakaushonea turubai la tanga. Oktoba wakafika nao Unyanyembe. Walishauriwa wauzike hapa, wakakataa. Huko mbele, Kasekera, watu hawakutaka maiti ipite kwao. Wakajifanya wamekubali kuirudisha, kisha wakalivua lile gome na kuufunga mwili upya kama mtumba wa nguo, umbo lilelile la mzigo wa kila siku. Ukapita. Februari 1874 ulikuwa Bagamoyo.

Nawaza zile saa walizokuwa wanafunga upya. Waliijua kazi ya kitambaa kuliko mtu yeyote aliyewaandika baadaye.

22 Julai

Kwa fundi cherehani, karibu na Soko Kuu. Nimempelekea pande moja lililokwisha kukatwa majina. Akalinusa, akalivuta kwa urefu, akalivuta kwa upana, akalivuta mshazari. Mshazari likanyoosha mdomo.

"Mama, hili lina tabia," akasema. "Usilishone kama turubai la gari."

Akanionyesha. Matundu yamejipanga kwa mistari. Mshono ukikaa juu ya mstari mmoja, sindano inaongeza matundu mengine katikati, na ukivuta mara moja linachanika kama stempu za posta. Kwa hiyo anakunja ukingo mara mbili, anaweka ndani ukanda uliokatwa kwenye turubai zito, halafu anapitisha mishono miwili kwa hatua ndefu. Sindano namba 18, uzi wa nailoni. PVC inang'ang'ania mguu wa cherehani, haitaki kuteleza, basi anapaka sabuni ya mche kwenye mguu, kidogo tu. Na akaniomba nisimletee yenye vumbi. Vumbi la Tabora linakula meno ya cherehani, na cherehani ndiyo shamba lake.

Mabango yale mazito niliyokuwa nimeshayahesabu kuwa taka ndiyo yanayoyashika haya mepesi. Nimefurahi kwa hilo kuliko lilivyostahili, pengine.

Tumekubaliana mapande 6. Atashona mikoba ya kubebea miche na viriba, yenye kitako cha turubai zito na ubavu wa meshi ili maji yachuruzike. Malipo yake atatoa kwenye mikoba atakayouza sokoni. Nimemwandikisha sahihi kwenye daftari. Akacheka kwa mara ya kwanza: hajawahi kusainishwa kwa takataka.

27 Julai

Kuosha. Maji ni ya kununua, ndoo kwa ndoo, na kila pande linakunywa ndoo tatu. Nimetumia maji ya kuoshea la kwanza kuloweka la pili. Mikono imechubuka. Maji yaliyotoka yalikuwa mekundu kwa vumbi, na nimeyamwaga barabarani, mbali na mihogo.

8 Agosti

Nane Nane, viwanja vya Ipuli. Huku Kanda ya Magharibi ni sisi na Kigoma. Nilizunguka nikitazama vibanda badala ya mazao: kila kibanda kina mabango manne, matano, mengi yameandikwa mwaka, na likishaandikwa mwaka haliwezi kurudi tena. Laiti wangeandika jina tu, tarehe waiweke kwenye karatasi pembeni.

Kwenye banda la asali nimekutana na mzee mrina asali kutoka upande wa Sikonge. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza mkoba wangu ni wa nini. Nilikuwa nimebeba mmoja wa ile ya fundi. Akauinua juani, akautazama ndani, akaweka uso wake humo, watu wakageuka kututazama. Alikuwa anajaribu kama anaona.

"Mwanangu, nyuki hapiti hapa. Lakini na mimi sioni kitu."

Ni kweli. Nyuma ya meshi ni nyeupe, na weupe ukipigwa na jua unaziba macho. Ndiyo maana nguo ya mrina asali ni nyeupe lakini wavu wa usoni ni mweusi. Tulihamia kwenye ukingo wenye wino mweusi, upande mweusi ukaangalia nje, haikusaidia, kwa kuwa weupe ulibaki kwenye macho yake. Tukageuza, mweusi kwa ndani. Akatulia. "Hapa nakuona. Meno yako nayaona."

Tumezungumza mpaka mchana. Ana mizinga ya magome ambayo aliirithi, na ana mizinga ya mbao ya kisasa. Ya magome anaipenda kwa sababu nyuki wanaipenda, lakini kila mmoja umeua mti: unauvua gome mzima mzima, mti unakauka umesimama. Miombo ya utotoni mwake iliyokuwa nyuma ya nyumba sasa anaifuata kwa baiskeli nusu siku. Kuni za kukaushia tumbaku zimechukua nyingine. Hakulaumu mtu. Alihesabu tu, mti kwa mti, kwa majina: mtundu, mninga, muba.

Nimempa mapande 4, yenye wino mweusi mwingi, na mawili ya yale mazito ya kuezekea juu ya mizinga ya mbao. Nikamwomba aweke nyasi katikati, turubai likilala moja kwa moja juu ya ubao linafungia unyevu na ubao unaoza. Na nikamsihi jambo moja: asichujie asali kwa meshi hii. Akanitazama kama nimemtukana kidogo, kisha akaelewa kwamba nasema kwa hofu. "Asali ina kitambaa chake," akasema.

30 Agosti

Moto. Nyasi kando ya reli zinawaka kila jioni. Sina la kuandika.

6 Septemba

Kitalu cha akina mama, njia ya kwenda Kwihara. Tumetandaza mapande 14 juu ya boriti. Wanaotesha miembe, mininga michache, na mikaratusi kwa sababu ndiyo inayonunuliwa haraka. Walikuwa wakifunika kwa majani ya mnazi yanayoletwa kutoka mbali, au kwa viroba vilivyochanwa. Viroba vinachakaa kwa jua miezi michache na kuacha nyuzi nyuzi ndani ya udongo; nimeziona kwenye mizizi ya miche, zimeingia kama nywele.

Nilidhani kivuli cha meshi kingekuwa bora papo hapo. Wakati wa adhuhuri tulitia mkono chini yake: joto. Tulikuwa tumetundika chini mno, kimo cha kiuno, hewa haizunguki. Mama kiongozi, ambaye mimi namwita mayo kama wanavyomwita wote, akasimamisha kazi. Tukaanza upya, tukanyanyua hadi zaidi ya kimo cha mtu, upande wa mashariki wazi ili jua la asubuhi liingie, upande unakotoka upepo tukateremsha pande moja liwe ukuta. Kazi hii ndiyo meshi ilitengenezewa. Kwenye uzio ilipunguza upepo bila kuuzuia, na hapa inafanya vilevile kwa mche usio na jina la mfadhili.

Pete za bati zimetufaa kuliko kitu chochote. Tumepitisha kamba za katani.

Pande moja limebaki na kona ya picha ya yule mtoto. Akina mama hawakutaka likatwe. Linaning'inia upande wa miche ya maembe.

19 Septemba

Kosa langu. Niliacha mapande mawili nje ya stoo, na leo nimeliona moja sokoni, limetandazwa juani, juu yake dagaa wa Kigoma. Kwa macho ni pazuri sana: hewa inapita chini, dagaa hawagusi mchanga. Mama muuzaji ana akili. Ziwani huko dagaa huanikwa juu ya chanja zenye nyavu, na yeye ameona wavu.

Nimekaa kwenye kiti chake nusu saa nikieleza. PVC yenyewe ni ngumu kama bomba la maji. Hulainishwa kwa mafuta maalumu yanayochanganywa ndani yake, na mafuta hayo hayakushikamana nayo milele. Yanatoka taratibu, na yanapenda mafuta wenzao. Dagaa wana mafuta. Jua linaongeza kasi. Juu ya hapo kuna wino, uliotengenezwa kwa ajili ya barabara na si kwa ajili ya mdomo wa mtu.

Alinisikiliza. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa na haki ya kulikasirikia: "Sasa dada yangu, ulilileta la nini kama ni sumu?"

Nimenunua mikeka miwili ya ukindu nikambadilishia. Meshi nimerudi nayo mgongoni. Tangu leo kila pande linaandikwa kwa rangi, herufi kubwa, pande zote mbili: SI YA CHAKULA. Ningefanya hivyo siku ya kwanza.

3 Oktoba

Nimetafuta mahali pa kuyeyushia mabaki. Wanunuzi wa plastiki hapa mjini wanapima chupa, ndoo zilizopasuka na viti vya plastiki. Meshi wanaikataa, na wana sababu: ukiiyeyusha, PVC na poliesta haziungani, na mashine inaziba. Kuzitenganisha kunawezekana. Italia, mjini Ferrara, kulikuwa na kiwanda cha VinyLoop kilichofunguliwa 2002 kikiyeyusha PVC kwa kimiminika maalumu na kuacha nyuzi pembeni. Kilifungwa 2018. Vilainishi vya zamani vilivyokuwamo ndani ya malighafi vilikuwa vimewekewa masharti makali na Umoja wa Ulaya, na kuvitoa kulikuwa na gharama isiyobebeka. Kiwanda kilichojua kazi yake kilishindwa na kilichotiwa ndani ya kitambaa tangu siku ya kwanza.

Waswisi wawili ndugu, kampuni yao Freitag ya Zürich, tangu 1993 wanashona mikoba kwa maturubai ya malori. Fundi wangu nimemweleza. Akauliza bei yake huko, nikamwambia, akanyamaza kidogo, akasema basi na yeye aongeze mfuko wa ndani.

Na London, michezo ya Olimpiki ya 2012, uwanja ulivikwa mapande 336 marefu, wakachagua kitambaa kisicho cha PVC na wakatangaza kabla ya michezo kwamba mengine yatapelekwa Uganda na Brazil kuwa vivuli na vibanda. Nalipenda hilo neno, kabla.

20 Oktoba

Urambo, kumtembelea dada. Njiani nimepita mashamba yaliyofyekwa zamani kwa mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa mwaka 1951. Walipokosa matrekta walichukua vifaru vya vita, aina ya Sherman, wakavigeuza kuwa mitambo ya kufyekea. Kugeuza walijua. Udongo na mvua hawakuvijua. Nimefikiria kitalu chetu na yale mapande yaliyotundikwa chini mno.

12 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Nimekwenda kuangalia mabanda ya kuku, yale mapande 5 niliyowapa majirani. Matatu yamepasuka. Waliyapigilia misumari moja kwa moja kwenye nguzo, bila banzi la kushikia, na upepo wa mvua ukayavuta kwenye ule mstari wa matundu, kama fundi alivyosema. Sikuwaambia. Nilikuwa na maarifa ya fundi mfukoni nikagawa kitambaa bila maarifa.

Kwenye kitalu hakuna hata pete moja iliyong'oka.

24 Novemba

Kampeni za serikali za mitaa, kura ni tarehe 27. Mji umevaa mabango mapya, kijani zaidi ya rangi nyingine. Nimejikuta nayapima kwa macho: hili shuka, hili doti.

Nimeandika rasimu ya kifungu na kumpa mhandisi msaidizi, ambaye mwakani anakwenda mradi mwingine. Nimeandika kwa lugha ya stoo: mabango yahesabiwe kwa pande na kwa uzito yanapoingia, jina la atakayeyapokea baadaye liandikwe kabla hayajachapwa, tarehe na nembo ziwekwe kwenye vibandiko au kona moja inayokatika kwa mkasi mmoja, na yasiyopata mpokeaji yarudi kwa aliyeyaagiza, kwa gharama yake. Amesoma akasema cha mwisho kitaleta ubishi. Nimemwomba akiache.

9 Desemba

Tumepanda. Miche 60 ya maembe, njia ya Kwihara, kwenye mapengo ambapo miembe ya zamani imeanguka. Watu husema waliopita na misafara ndio walioacha kokwa zilizokuwa miembe hii, watu huru na wasio huru. Akina mama waliimba. Mikoba ya fundi ilibeba miche minane minane, maji yakichuruzika kwenye ubavu wa meshi mpaka sketi zetu zikalowa.

13 Desemba

Nimefunga mtumba. Vipande vya nembo na majina, kilo 9. Mabaki ya fundi, kilo 5. Mabango ya kuku yaliyopasuka, yapata kilo 10. Na yale mawili ya stoo, moja lililonuka dagaa, kilo 6. Jumla 30, kasoro kidogo ya frasila mbili. Mlinzi wa Usoke alinifundisha kukaza kamba: unakanyaga kwa goti, unavuta, unageuza robota, unavuta tena. Babu yake alikwenda pwani mara mbili.

Nimeambatanisha hati ya mzigo: anayepeleka, anayepokea, idadi, uzito, na nafasi ya sahihi. Mpokeaji ni ofisi ya Dar es Salaam iliyoyaagiza. Nimeandika pia lilipo kila pande la meshi lililosalia huku, 14 kitalu, 6 kwa fundi, 4 kwa mrina asali, 2 kwenye mabanda, na kwamba meshi ikichakaa itakuja kwa njia hiihii.

15 Desemba

Lori limeondoka saa mbili asubuhi. Dereva aliuliza ndani ya mtumba kuna nini, nikamwambia mabango ya mradi. Akaunyanyua peke yake, akauweka juu ya vitanda vya kambi, akaufunga.

Safu ya kutoka: pande 5, kilo 30, Tabora kwenda pwani. Sahihi bado.